Nadhiri ya Kukaa: Kutoka Machimbo ya Macalder hadi Lango la Monasteri

Monasteri, kwa maana inayotumika katika Kanisa Katoliki, ni makao ya watawa wa kiume au wa kike wanaoishi pamoja chini ya kanuni moja na mkuu mmoja, wakiigawa siku yao kati ya sala, kazi za mikono na usomaji, na ambao katika mapokeo ya Mtakatifu Benedikto huahidi kwamba hawataihama jumuiya yao mpaka watakapozikwa katika makaburi yake. Ahadi hiyo, ambayo waandishi wa Kanisa huiita nadhiri ya kudumu mahali, haimo miongoni mwa zile tatu za umaskini, useja na utii ambazo waumini wengi wa Afrika Mashariki wamezizoea kwa masista wa hospitali na mabruda wa shule. Ni nadhiri ya wamonaki, yaani watawa wa monasteri, na ndiyo inayompa mgeni sababu ya msingi ya kwenda kuwabishia hodi. Kwa mkazi wa Macalder ina uzito wa pekee, kwa kuwa mji huo ulizaliwa na watu waliokifuata kilichomo ardhini, na wengi wao wakaondoka kilipopungua.

Macalder ni kituo cha biashara na utawala katika eneo la Nyatike, kaunti ya Migori, si mbali na Ziwa Victoria wala na mpaka wa Tanzania. Jina lake limeambatana na mgodi ulioanza katika miaka ya 1930, wakati habari za dhahabu ya Kakamega zilipowasukuma watafuta madini wa Kizungu kuichokonoa miamba ya Nyanza nzima. Mgodi huo ulitoa dhahabu na fedha, na katika miaka ya 1950 shaba ikawa zao lake kubwa, kiasi kwamba maporomoko ya Gogo katika mto Kuja, ambao watu wa Kisii huuita Gucha, yalijengewa bwawa na mitambo ya umeme ya megawati 2 ili kuuendesha. Mwaka 1966 mgodi ulifungwa. Kampuni iliondoka, vibarua wakatawanyika, na vilima vya mchanga wa mabaki vikabaki palepale vilipomwagwa, mpaka wachimbaji wadogo walipoanza kuvifukua upya, wakisaga mawe kwa mashine na kuikamata dhahabu kwa zebaki, kazi ambayo madhara yake kwa maji na kwa miili ya wanawake na wanaume wanaoifanya hayajapata daktari wa kuyatibu. Wachimbaji hao huja na kuhama kufuatana na bei ya dhahabu na habari za shimo jipya lililogunduliwa upande wa pili wa kilima.

Hata mawe ya kale ya Nyatike yanasimulia habari hiyohiyo ya kuja na kuondoka. Kuta za Thimlich Ohinga, zilizopangwa kwa mawe matupu bila saruji wala udongo wa kushikizia, na ambazo wataalamu hukisia kuwa zilianza kujengwa katika karne ya 16, zilikaliwa na jamii mbalimbali kwa kupokezana, moja ikihama na nyingine ikiingia na kukarabati palipobomoka, hadi zilipoachwa mwanzoni mwa karne ya 20. Shirika la UNESCO liliziingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Mtu aliyewahi kuinama akapita katika mlango mwembamba wa ukuta huo hatashangazwa na kile ambacho wamonaki hukiita klausura, yaani sehemu ya ndani ya monasteri iliyozungushiwa ugo ambamo mgeni haingii bila ruhusa. Tofauti ni kwamba waliojenga Thimlich walikuwa wakijikinga na wavamizi na wanyama wakali, ilhali ugo wa monasteri umewekwa kwanza kabisa ili kumzuia aliye ndani asitoke ovyo.

Ukatoliki ulioufikia ukanda huu haukuja na wamonaki. Uliletwa na mapadri wa Mill Hill, shirika la kimisionari lililoanzishwa Uingereza mwaka 1866, ambao walifika Kisumu mwaka 1903, wakafungua misheni ya Nyabururu karibu na mji wa Kisii mwaka 1911, na kisha wakateremka kuelekea Asumbi na vituo vingine vya Nyanza Kusini. Walikuwa watu wa mwendo: padri mmoja alihudumia vigango vingi kwa miguu, kwa baiskeli na baadaye kwa pikipiki, na alama alizoziacha ni shule, zahanati na madaftari ya ubatizo. Jimbo la Kisii liliundwa mwaka 1960 chini ya askofu wake wa kwanza, Maurice Otunga, ambaye baadaye alikuwa kardinali, na mwaka 1993 likamegwa ili kuzaa jimbo la Homa Bay, ambalo leo linazihudumia kaunti za Homa Bay na Migori. Katika kipindi chote hicho sura ya utawa iliyojulikana zaidi na watu ilikuwa ile ya huduma. Huko Karungu, kandokando ya ziwa, hospitali ya misheni ya Mtakatifu Kamili huendeshwa na Wakamiliani, shirika lililoanzishwa na Kamili wa Lellis nchini Italia katika karne ya 16, ambalo watawa wake huongeza nadhiri ya nne ya kuwahudumia wagonjwa hata kwa kuhatarisha maisha yao, na hospitali hiyo imewapokea wagonjwa wengi wa UKIMWI katika eneo ambalo ugonjwa huo uliua watu wengi kuliko sehemu nyingi za Kenya.

Ni rahisi basi kuelewa kwa nini Mkatoliki wa Macalder, anayewapima watawa kwa idadi ya vitanda na madarasa, huona shida kumwelewa mtawa asiyefundisha, asiyetibu na asiyehubiri sokoni. Kanisa hutenganisha mashirika ya utume, ambayo hutoka kwenda kwa watu, na jumuiya za taamuli, ambazo hukaa mahali pamoja na kuhesabu sala yenyewe kuwa ndiyo kazi yao ya kwanza. Mgawanyo huo haujanyooka hivyo kila mahali, kama itakavyoonekana kwa Wabenediktini wa Tanzania, lakini ndio ufunguo wa kuielewa monasteri.

Utaratibu huo wenyewe ni wa Kiafrika kwa asili, jambo ambalo husahaulika kila panaposemwa kwamba utawa uliletwa na meli za Wazungu. Antonio wa Misri, aliyefariki mwaka 356, alijitenga jangwani akawa kielelezo cha wakaapweke. Pakomio, Mmisri mwenzake, aliwakusanya wanafunzi huko Tabennisi kandokando ya mto Nile katika nusu ya kwanza ya karne ya 4 na kuwapa kanuni ya kuishi pamoja, na kutoka Misri desturi hiyo ikapanda hadi Ethiopia, ambako monasteri kama Debre Damo zingali zikikaliwa. Benedikto wa Nursia, Mwitalia wa karne ya 6, alikuwa mrithi wa Waafrika hao. Kanuni yake yenye sura 73 ndiyo inayofuatwa mpaka leo na Wabenediktini na Watrapisti. Katika sura ya kwanza anataja aina 4 za wamonaki, na aina anayoilaumu kuliko zote ni ya wazururaji, watu waliokuwa wakila siku tatu au nne katika nyumba moja kisha wakahamia nyingine, wakiwa hawatulii popote na hawamtii mtu yeyote. Nadhiri ya kukaa ilitungwa kuwa dawa ya ugonjwa huo. Hoja yake ni ya kiutu kabla ya kuwa ya kidini: mtu anayeweza kuondoka kila anapokosana na mwenzake hatajifunza kupatana naye, na tabia yake mbaya ataihamisha pamoja na mizigo yake.

Watrapisti, ambao jina lao rasmi ni Wasistersiani wa Utunzaji Mkali, ni tawi la familia hiyo ya Benedikto. Wasistersiani walianza mwaka 1098 huko Cîteaux, Ufaransa, kama jaribio la kuirudia Kanuni kwa unyofu. Katika karne ya 17 abati, yaani mkuu wa monasteri, Armand-Jean de Rancé aliyafanya maisha ya monasteri ya La Trappe kuwa makali zaidi, na waliomfuata wakapewa jina la nyumba hiyo. Walifika Kenya mwaka 1956, wakitumwa na abasia ya Koningshoeven iliyo karibu na mji wa Tilburg, Uholanzi, na wakajenga Lumbwa, mahali penye stesheni ya reli iendayo Kisumu ambapo siku hizi panaitwa Kipkelion, katika kaunti ya Kericho. Monasteri yao iliwekwa chini ya Bikira Maria wa Victoria. (Muumini wa Nyanza aliyelelewa katika mahubiri dhidi ya chang'aa huenda akashtuka kusikia kwamba mama wa monasteri hiyo, ile abasia ya Tilburg, hujipatia riziki kwa kupika bia, na kwamba bia hiyo, La Trappe, huuzwa nchi nyingi; lakini Kanuni inamtaka mmonaki ale jasho lake, na haikutaja jasho hilo litoke katika kazi gani.) Huko Kipkelion jasho lilikuwa la kilimo na ufugaji. Mwaka 1964 Watrapisti wa kike nao walianzisha monasteri Butende, karibu na Masaka, Uganda, na hivyo Ziwa Victoria likawa na wamonaki pande zake mbili.

Mgeni anayekaa walau siku mbili katika nyumba ya aina hii hugundua upesi kwamba mwenye nyumba halisi ni kengele. Siku huanza kungali giza, katika saa ambayo wavuvi wa Muhuru na Sori huwa wangali ziwani na taa zao, kwa sala ndefu iitwayo kesha, ambayo ni zaburi na masomo yanayosomwa bila haraka. Kunapopambazuka hufuata masifu ya asubuhi; kisha Misa, ambayo nyumba nyingine huiunganisha na masifu hayo; kisha sala fupi za katikati ya asubuhi, za adhuhuri na za alasiri, ambazo mmonaki wa shambani anaweza kuzisalia hukohuko akiwa na jembe mkononi; halafu masifu ya jioni, na mwishowe sala ya kufunga siku, inayomalizika kwa wimbo wa Salamu Malkia ukiimbwa taa zikiwa zimezimwa au kupunguzwa. Mkusanyiko wa sala hizo huitwa Liturujia ya Vipindi. Benedikto aliagiza zaburi zote 150 zisaliwe kila juma, na ingawa jumuiya nyingi siku hizi huzitandaza katika majuma mawili au zaidi, mgeni aliyezoea ibada ya Jumapili ya saa mbili yenye kwaya, ngoma na matangazo marefu ya parokia hushangazwa na jinsi zaburi zinavyoimbwa kwa sauti moja ya chini, upande mmoja wa kikanisa ukijibu upande wa pili, bila mtu kutaka kusikika kuliko mwenzake. Wengine huchoka. Hilo linatarajiwa, na anayewaambia wageni kwamba monasteri ni mahali pa starehe ya moyo tangu saa ya kwanza anawadanganya, kwa sababu kinachomfikia mtu mwanzoni katika ukimya ni kelele zake mwenyewe: madeni, ugomvi wa shamba, simu ambayo hakuipokea.

Ukimya huo nao unahitaji kuelezwa, kwa kuwa hadithi ya kwamba Mtrapisti hula kiapo cha kutosema kamwe imeenea bila msingi. Hakuna nadhiri kama hiyo. Kanuni inakataza maneno baada ya sala ya kufunga siku na kuhimiza yawe machache wakati mwingine wote. Zamani wamonaki hawa waliwasiliana kwa ishara za vidole, lugha yenye alama ya mkate, ya jembe na ya ng'ombe, lakini baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya 1962 na 1965, waliruhusiwa kusema yanayohitajika. Mezani hula bila kuongea huku mmoja akiwasomea kitabu. Chakula hakina nyama ya wanyama wa miguu minne, ambayo Benedikto aliiruhusu kwa wagonjwa tu. Samaki hakumtaja katika katazo hilo, na watu wa ziwani wana haki ya kuliona hilo kuwa dalili ya hekima. Saa zinazobaki hugawanywa kati ya kazi na ule usomaji wa Maandiko ambao mtu husoma mstari mmoja, akanyamaza, akaurudia, akausali, bila nia ya kumaliza sura.

Kuhusu mgeni mwenyewe Kanuni haina utata. Sura ya 53 inaagiza kwamba kila anayefika apokewe kama ambavyo Kristo angepokewa, na inaongeza, kwa namna ambayo matajiri wa zama zozote hawaipendi, kwamba maskini na wasafiri waliotoka mbali ndio waangaliwe kwa uangalifu zaidi, kwani tajiri huheshimiwa hata bila kuagizwa. Kwa sababu hiyo kila monasteri ina nyumba ya wageni nje ya klausura, na mmonaki mmoja amekabidhiwa kuwahudumia wanaokuja kwa mafungo, yaani siku za kujitenga kwa sala na kujichunguza. Kwa kawaida mgeni huacha sadaka kadiri ya uwezo wake, na pale palipowekwa kiwango cha kuchangia, asiye nacho hueleza hali yake. Asiye Mkatoliki hupokewa vilevile, jambo lenye maana katika Nyanza Kusini, ambako Waadventista Wasabato wamekuwapo tangu walipoweka misheni yao Gendia mwaka 1906 na ambako nyumba moja inaweza kuwa na waumini wa makanisa matatu. Anachoombwa asikipokee ni komunyo, na anachoombwa akiheshimu ni saa. Kuna pia sura ya 61, isiyotajwa sana, ambamo Benedikto anasema kwamba mmonaki mgeni akiona kasoro katika nyumba na kuitaja kwa unyenyekevu, abati aipime kwa busara, maana huenda Mungu amemleta kwa ajili hiyo. Ni taasisi chache, za Kanisa au za serikali, zilizoandika katika katiba yao kwamba mpita njia anaweza kuwa na haki.

Je, watu wa Nyanza Kusini walikuwa na njaa ya maisha ya namna hii? Jibu limesimama katika kaunti yao. Mwaka 1963, katika jimbo la Kisii lililokuwa bado changa, maelfu ya waumini walilihama Kanisa Katoliki wakiwafuata Simeo Ondetto na Gaudensia Aoko, na likazaliwa kanisa la Legio Maria, ambalo jina lake linatokana na Legio ya Maria, chama cha sala cha walei kilichoanzishwa Dublin mwaka 1921 na kuletwa Afrika Mashariki na Edel Quinn mwaka 1936. Waliohama hawakuuacha Ukatoliki kwa kuuona mzito. Walitaka mzito zaidi. Walihifadhi Kilatini, wakazidisha rozari, mifungo, mikesha na utoaji wa pepo, na wakaufanya mlima wa Got Kwer, katika kaunti ya Migori, kuwa mahali patakatifu pa hija, ambapo Ondetto alizikwa mwaka 1991. Wataalamu wametaja sababu nyingi za mfarakano huo, zikiwamo hadhi ya Mwafrika ndani ya Kanisa la wamisionari, nafasi ya wanawake na hofu ya uchawi, na itakuwa kurahisisha mambo kudai kwamba monasteri moja ingeuzuia. Hata hivyo ni vigumu kuutazama mlima ule uliojaa watu wanaokesha na kufunga bila kuona kwamba wamisionari waliwapa watu shule kwa wingi na kuwapa jangwa kwa uchache. Monasteri ya Lumbwa ilikuwapo tayari, imepita miaka 7 tangu ianzishwe, lakini ilikuwa upande wa pili wa Kericho, katika mashamba ya walowezi.

Hapo Kipkelion ndipo nadhiri ya kukaa ilipokutana na suala la ardhi la Kenya. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, ghasia zilizoua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyozichunguza ziliikumba Kipkelion kwa ukali, kwa kuwa ni eneo la mpaka kati ya mashamba ya Wakalenjin na makazi ya watu waliotoka sehemu nyingine za nchi. Nyumba zilichomwa, na waliofukuzwa walikimbilia katika uwanja wa monasteri, ambao uligeuka kuwa kambi ya wakimbizi wa ndani. Sura ya 53 ilitekelezwa kwa kipimo ambacho mwandishi wake hakukifikiria. Ila wamonaki walioipa hifadhi kambi hiyo hawakuwa salama wao wenyewe, na katika mwaka huohuo wa 2008, baada ya zaidi ya nusu karne, Watrapisti waliiacha Kipkelion wakavuka mpaka kuingia Uganda.

Je, walivunja nadhiri? Swali hilo si la kejeli. Mwaka 1996 Watrapisti 7 wa Tibhirine, nchini Algeria, walioshauriwa mara kadhaa waondoke wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, walijadiliana, wakapiga kura, wakabaki na majirani zao Waislamu. Walitekwa mwezi Machi na kuuawa, na Kanisa likawatangaza wenye heri huko Oran tarehe 8 Desemba 2018. Mwezi Mei wa mwaka huohuo wa 1996, katika abasia ya Kitrapisti ya Mokoto huko Masisi, Kivu Kaskazini, iliyoanzishwa na Wabelgiji wa Scourmont mwaka 1954, Watutsi waliokimbilia humo walivamiwa na kuuawa, na wamonaki wakalazimika kuhamia Goma. Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia, waliofika Tanganyika kabla ya Watrapisti kufika Kenya, walishambuliwa Pugu mwaka 1889, wakampoteza Askofu Cassian Spiss katika vita vya Maji Maji mwaka 1905, na Peramiho yao, iliyoanzishwa mwaka 1898, ikachomwa katika vita hivyo. Walirudi, wakaijenga upya hadi ikawa abasia mwaka 1931, yenye shule, hospitali na mtambo wa kuchapa vitabu, na mwaka 1957 ikazaa Hanga, monasteri ya wamonaki wa Kiafrika.

Ukizipanga habari hizo pamoja, inadhihirika kwamba nadhiri ya kukaa, katika sheria ya Wabenediktini na Wasistersiani, humfunga mtu kwa jumuiya kabla ya kumfunga kwa kiwanja. Jumuiya ikihama pamoja, ahadi inahama nayo. Lakini kuna upande wa pili ambao vitabu vya kiroho huupitia haraka, nao ni kwamba hakuna anayeweza kukaa peke yake: kudumu mahali kunategemea majirani wanaokubali ukae. Wamonaki wa Tibhirine walikuwa na majirani waliowataka na wauaji waliotoka nje ya kijiji. Kipkelion ilikuwa na kilimo kizuri na uzee wa miaka 52, ila ilisimama juu ya ardhi ambayo historia yake ya ukoloni haikuwa imemalizwa na mtu yeyote, na sala haikutoa hatimiliki ambayo kila mtu aliikubali. Hilo haliwapunguzii wamonaki heshima. Linaonyesha tu kwamba utulivu ambao mgeni huufuata monasterini ni tunda la siasa pamoja na la neema, na anayesali humo apate amani ya moyo ana sababu ya kuwaombea pia wenye mashamba yanayopakana na ugo.

Jumuiya ya Bikira Maria wa Victoria ipo leo Kijonjo, katika jimbo la Masaka, upande wa magharibi wa ziwa lilelile ambalo Macalder iko karibu nalo kwa upande wa mashariki. Masaka si jimbo la kawaida katika historia ya Kanisa: lilikabidhiwa mwaka 1939 kwa Joseph Kiwanuka, Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa askofu katika zama hizi, na tangu hapo limeendeshwa na mapadri wenyeji. Msafiri kutoka Macalder hupitia mji wa Migori, Kisii na Kisumu, huvuka mpaka Busia kwa kitambulisho cha taifa tu bila pasipoti, kisha hupita Jinja na Kampala kabla ya kuteremka kusini kuelekea Masaka; ni safari ya kulala njiani, na asiyeiweza anaweza kwenda kwa Wabenediktini wa Tigoni, karibu na Limuru, ambao asili yao ni Peramiho na ambao, kama ilivyo desturi ya tawi lao, huchanganya sala na utume.

Anayeazimia kwenda na aandike kwanza, kwa maana nyumba za wageni si hoteli na vyumba ni vichache. Ataje siku ya kufika na siku ya kuondoka, na azishike zote mbili. Achukue nguo za heshima na koti la asubuhi, azime simu kabla ya kuingia kikanisani, asipige picha za watu bila ruhusa, na ahudhurie kesha walau mara moja hata kama usingizi utamshinda katikati ya zaburi. Akimkuta mmonaki mzee bustanini, asianze kumdai habari za mwaka 2008. Amsaidie kupalilia.